Kamanda Hajafika

Mtaa mzima wa Makomeno ulimwita Prezida. Si yule wa nchi. Huyu wetu alikuwa rais wa mahakama, yaani jaji anayeongoza kesi, na mahakama yenyewe ilikuwa ya televisheni. Kila Ijumaa jioni, kwenye kituo kimoja kidogo cha hapa Lubumbashi, alitokea na joho jeusi lenye kola nyeupe, akagonga meza, na wanawake wakaacha sufuria zao ziungue. Joho nililishona mimi. Meza ilikuwa ya shule iliyotuazima ukumbi. Alichogongea kilikuwa mwiko wa bukari, ugali wetu wa huku, na mwiko huo aliutoa jikoni kwa mkewe. Kila siku ya kurekodi Mama Prezida alinung'unika kwamba anaachiwa unga na maji ya moto bila silaha. Nimeshaambiwa na wanaojua kwamba majaji wa kweli wa kwetu hawagongi kitu. Sawa, lakini hao wa kweli nani huwatazama Ijumaa?

Mimi ni mshonaji, nina karakana yangu Kampemba, karibu na soko. Katika mchezo nilikuwa wakili wa utetezi, na tangu hapo nimekuwa Maître kwa wateja, kwa wauza mkaa, hata kwa mama mkwe wangu anapotaka kunikejeli. Prezida aliniita hivyo popote tulipokutana. Siku moja aliniona sokoni nikigombania bei ya samaki wakavu, akasimama pembeni na mikono mgongoni. Nilipomaliza akasema, "Maître, umeshinda. Lakini ule mama iko na batoto. Rudia umupe kidogo." Nilirudi nikaongeza kidogo, huku nikimlaani kimoyomoyo.

Sauti yake haikuwa kubwa, na watu wanaomwigiza hukosea hapo. Wanakunja uso, wanakoroma kama simba wa katuni. Yeye alisema polepole, akakutazama kama mtu anayesoma tiketi yako kwa mara ya pili. Ndiyo kazi aliyoifanya miaka mingi kabla ya kustaafu: msimamizi wa treni kwenye njia ya Sakania. Treni zile zilichelewa hata watoto wakazaliwa ndani yake, na yeye ndiye aliyepita mabehewani akiomba radhi kwa kosa lisilo lake. Nadhani huko ndiko alikookota chuki yake ya uchelewaji, na chuki yenyewe haikuwa na mzaha. Saa ya kurekodi ikifika, alifunga mlango wa ukumbi kwa ufunguo na kuutia mfukoni. Mara moja aliyebaki nje alikuwa Réalisateur mwenyewe, mwongozaji wetu, kijana mwembamba aliyebuni mchezo wote na kubeba kamera yake kama mtoto mchanga. Akagonga dirisha, akaita, akasihi. Prezida alifungua kikao kwa utulivu, akasema, "Mushitakiwa wa kwanza ni ule mwenye kugonga dirisha." Tulicheka mpaka kola yangu ikafunguka.

Lazima nieleze tulivyofanya kazi, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Hatukuwa na maneno yaliyoandikwa. Asubuhi Réalisateur alitusimulia kisa: nani ameshtakiwa, kwa nini, na kesi inaishaje. Maneno kila mmoja alijitafutia mwenyewe, kama walivyofanya wachezaji wa mji huu tangu zamani. Kanuni ilikuwa moja tu, na Réalisateur aliirudia kila Jumamosi: "Katikati ni yenu, mwisho ni yangu." Mlinzi mkali wa kanuni hiyo alikuwa Prezida. Siku moja nilimtetea mwizi wa kuku kwa ufasaha mpaka wachezaji waliokaa kama umma wakapiga makofi, na mimi nikaamini nimembadilishia Réalisateur kisa chake. Prezida akasubiri makofi yaishe. "Maître, umesema muzuri sana. Sasa ikala chini, ushindwe muzuri vilevile." Mwizi wangu akaenda jela.

Watu wakasahau kwamba ni mchezo, au walijifanya kusahau. Wakaanza kumletea kesi zao nyumbani. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mlokole, muuza maharagwe kwa jumla, ambaye lori lake lililala kila usiku mbele ya lango la familia moja ya wenyeji wa zamani. Ugomvi ulikuwa umefikia mawe. Mfanyabiashara alikuja na Biblia, familia ikaja na shangazi watatu. Prezida hakugusa habari ya lori hata kidogo. Aliuliza maharagwe yanapikwaje kwao Kivu, akamuuliza bibi wa familia ile miguu inamwumaje wakati wa baridi. Alikuwa na msemo wake, "Bukari ya moto, unaanzia ku pembeni," na aliufuata katika kila jambo. Kwa kuzungukazunguka hivyo tukagundua kwamba lori halikuwa shida. Shida ilikuwa dereva, ambaye miezi yote hiyo alishuka kwenye lori lake bila kumwamkia bibi. Hukumu: dereva amwamkie kila asubuhi, kofia mkononi. Lori linalala pale mpaka leo, na bibi humpelekea dereva chai.

Sasa, mtu kama huyo ungedhani anapenda mahakama. Wapi! Prezida hakuwahi kukanyaga mahakama ya kweli, wala kituo cha polisi, wala ofisi yoyote yenye picha ya mkubwa ukutani. Alikuwa akibadili upande wa barabara. Nilimtania mara nyingi kwamba yeye ni kama mchungaji anayeogopa kanisa. Hakukasirika. Alinijibu tu, "Maître, kwetu hapa neno ikitoka mubaya, tunarudilia. Kule hairudiliwe."

Kisa cha mwanajeshi kilikuja wakati watu wote walikuwa wakizungumzia vita vya mashariki na askari wanaoshtakiwa kwa kukimbia. Réalisateur alikuja Jumamosi moja macho yakimwaka. Mahakama ya kijeshi, akasema. Askari kijana ameacha nafasi yake mbele ya adui. Anahukumiwa. Mwisho, kifo. "Bantu batalia," akasema kwa furaha, akiyaona tayari machozi ya watazamaji, "batalia sana." Tulikubali wote, tena kwa shangwe, maana ilikuwa kitu kipya. Prezida aliuliza swali moja tu.

"Na kamanda yake, nani atamucheza?"

"Kamanda haiko mu histoire, Papa. Kisa ni ya askari tu."

"Aya," akasema, akatazama mikono yake.

Nguo zilikuwa kazi yangu. Raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi letu, kila mtu anajua, kwa hiyo nilinunua makoti makuukuu ya walinzi wa maghala, nikayatia rangi ya kijani, nikashona mifuko. Yalitoka vizuri kupita kiasi. Mshtakiwa tulimpa fundi pikipiki mmoja wa Kampemba, kijana mpole mwenye macho makubwa. Jumamosi iliyofuata, siku ya kurekodi, aliona saa imekwenda, akakumbuka mlango wa Prezida na ufunguo wake, akavaa sare nyumbani kabisa ili asipoteze muda wa kubadili. Hakufika mbali. Polisi walimshusha njiani kwa kuvaa nguo za jeshi.

Siku hiyo Prezida hakufunga mlango. Alinichukua tukaenda kituoni, lakini alibaki ng'ambo ya barabara, amesimama nyuma ya kibanda cha muuza vocha. "Njo weye Maître," akasema, yaani wakili ndiye mimi. "Ingia." Niliingia na kujieleza, nikawaonyesha mshono wangu, nikawaambia hakuna jeshi duniani lenye vifungo vya koti la mvua. Mkubwa wao alinitazama, akapasuka kwa kicheko. "Ni ule wa Ijumaa! Na Prezida iko wapi?" Nikamwonyesha. Alitoka mwenyewe kuvuka barabara kumpa mkono, na mimi niliona kwa macho yangu Prezida akirudi nyuma hatua kadhaa, amekuwa mweupe midomoni, kabla ya kutoa mkono wake. Nilicheka njia nzima tuliporudi na fundi wetu. Yeye alinyamaza, na mimi nikadhani ni uoga wake ule ule.

Tukaanza. Yeye hakuvaa joho siku hiyo, alikuwa na koti la kijani na kofia, na majaji wengine wa sare kulia na kushoto. Mshtakiwa aliingizwa bila kofia na bila mkanda, maana ndivyo askari anavyosimamishwa mbele ya mahakama yao. Suruali ya walinzi ilikuwa pana, na yule fundi alikuwa mwembamba, basi akawa anaishika kwa mkono mmoja isidondoke. Watu waliokaa kama umma wakaanza kucheka. Hata Réalisateur alitabasamu nyuma ya kamera yake.

"Mumurudishie mukaba," Prezida akasema.

Jaji mmoja akanong'ona kwamba sheria hairuhusu.

"Mumurudishie. Hatutahukumu mutu mwenye kushika patalo."

Basi mtu mmoja akavua mkanda wake mwenyewe akampa. Kisha maswali yakaanza, na hayakuwa maswali tuliyoyazoea. Yalianzia pembeni, kama kawaida yake, lakini safari hii pembeni palikuwa na miiba.

"Ulikula nini ile siku?"

Yule fundi alibabaika. Hakuna aliyemwandalia jibu. "Biskuti, Prezida."

"Paka biskuti, biskuti tu? Na siku ya mbele yake?"

"Biskuti."

"Ulipata wapi amri ya kutoka?"

"Kwa... kwa radio."

"Nani alisema ku radio?"

Kijana alinitazama mimi, wakili wake. Nami nilimwitikia kwa kichwa ajibu, maana nilitaka kuona kunaenda wapi. "Kamanda," akasema.

"Na kamanda iko wapi leo?"

Réalisateur alizungusha kidole hewani: endelea, fika mwisho. Prezida aliinuka, akasema mahakama inakwenda kujadiliana, akaingia na majaji wenzake kwenye chumba cha kuwekea viti vibovu. Kawaida kujadiliana kwetu hakuchukui muda. Kamera inazimwa, watu wanakunywa maji, kamera inawashwa. Safari hii majaji wengine walitoka peke yao. "Anatufukuza," wakasema. Tulisubiri. Jenereta ilikuwa ikinguruma nje. Réalisateur alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe akanisukuma mlangoni. "Weye njo anakusikiaka. Enda."

Nilimkuta amekaa kwenye dawati la watoto, magoti yamefika kifuani, mwiko mapajani.

"Papa Prezida, uko mugonjwa?"

"Mwanangu iko mu cachot," akasema. Mahabusu ya jeshi. Wote tulijua kitindamimba wake yuko jeshini, tukiuliza alijibu "iko kazi," basi. "Kule mashariki. Banasema alikimbia. Alinipigia simu na telefone ya mwenzake. Anasema kamanda njo alipanda gari wa kwanza, akiisha akasema ku radio: mutoke, mutoke. Balitoka. Sasa bale batoto beko mu cachot, na kamanda hakuna mwenye kumuona. Kesi inakaribia."

Nilikumbuka nilivyocheka barabarani asubuhi ile.

"Mama anajua?"

"Anajua. Leo asubuhi alinipatia mwiko na mukono yake. Hakulalamika." Akaugeuzageuza. "Ijumaa ataikala mbele ya télé, Maître. Atanisikia na ile neno mu kinywa yangu. Mutoto wa kukimbia, afe. Miye njo nitasema. Nitasema namna gani?"

Mganga hajigangi, wanasema, na nilimwona pale mtu aliyemaliza kesi za mtaa mzima akiwa hana pa kuanzia. Ningeweza kumwambia aondoke, tutamtafuta mwingine. Lakini mwingine angesema lile neno, na Mama Prezida angelisikia vilevile. Basi nikasimama kama ninavyosimama mbele ya kamera, kwa sababu sikujua kusimama kwingine.

"Papa Prezida, uliuliza kamanda iko wapi?"

"Niliuliza."

"Balikujibu?"

"Hapana."

"Sasa unafunga kesi na swali yenye haina jibu? Weye? Ata ya lori haukufunga vile."

Alinitazama. "Mwisho ni ya Réalisateur," akasema. "Ni kanuni."

"Mwisho ni yake. Nani anasema tuko ku mwisho?"

Kisha alijikunjua kutoka kwenye lile dawati, kiungo kwa kiungo, akavaa kofia yake, akatoka. Sote tukasimama. Kamera ikawaka. Alisema kwa ile sauti yake ya kusoma tiketi kwamba mahakama imemsikia askari, haijamsikia aliyempa amri. Mahakama inaamuru kamanda atafutwe na aletwe. Mpaka hapo kesi imeahirishwa na kijana apewe chakula. Akagonga meza kwa mwiko.

"Papa!" Réalisateur alipiga kelele. "Mwisho ni yangu!"

"Ni yako, mwanangu. Hii ni katikati."

Ijumaa ile ilionyeshwa, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuonyesha. Na Lubumbashi ikashikwa. Kesho yake mteja wa kwanza hakunipa habari ya asubuhi, aliniuliza, "Kamanda alisha fika?" Wauza mkaa wakauliza. Watoto wakaimba. Ndani ya wiki chache ikawa salamu, kisha ikawa mzaha wa kila jambo: umeme umekatika, mtu anasema kamanda hajafika. Bwana harusi amechelewa kanisani, kamanda hajafika. Mkubwa fulani amejenga ghorofa huku barabara yake ni mashimo, watu wanatikisa vichwa tu na kuuliza kama kamanda alisha fika. Hakuna aliyejua tulilojua mimi na yeye. Réalisateur nilimweleza baadaye, naye alilia kweli, yeye aliyetaka wengine walie. Sehemu ya hukumu hakuitengeneza kamwe.

Hata angetaka asingeweza. Prezida hakurudi ukumbini. Mwiko aliurudisha jikoni, akafunga mkoba, akaenda mashariki kukaa karibu na mahakama ambayo mtoto wake angesimamishwa. Yeye aliyekuwa akibadili upande wa barabara! Mchezo uliendelea na mzee mwingine, mwenye sauti ya ngurumo. Wanawake wakaanza tena kuangalia sufuria zao.

Miezi ikapita. Juzi, mchana, nilikuwa nimeinama kwenye cherehani nikasikia mtu anasema, "Maître." Alikuwa amekonda, ndevu zimetoka nyeupe, lakini shati limepigwa pasi. Alikuja kumwona mkewe, kesho anarudi. Kutoka kwenye mfuko alitoa suruali tatu, akazikunjua mezani kwangu kwa uangalifu.

"Punguza kiuno. Utie élastique ya mupira ndani. Kule banakatazaka mukaba, na habakubali kumurudishia."

Alinipa kipimo kwa uzi aliokuwa ameufunga fundo. Nilipoulaza kwenye kiuno cha suruali nikaona jinsi kijana alivyoisha. Nilishika uzi ule nikitafuta la kusema, na kabla sijafikiri, mdomo wangu mjinga ukasema kile ambacho mji mzima husema.

"Kamanda alisha fika?"

Nilitaka ardhi inimeze. Yeye hakushtuka. Alivuta kiti cha wateja akaketi.

"Bado," akasema, kama mtu aliyeulizwa hasa alichotaka kuulizwa. Akanieleza. Aliingia mahakamani, ndiyo, siku ya kwanza alishikilia ubao wa benchi kwa mikono miwili. Kijana wao alipewa wakili, msichana mdogo mwenye joho kubwa kumzidi. Msichana huyo alisimama akauliza kamanda yuko wapi. "Alisema kama weye. Lakini yeye hakushindwa." Majaji walinong'onezana, wakaahirisha mpaka kamanda aletwe. Siku iliyopangwa ikafika, kamanda hakuja. Wakaahirisha tena.

"Na akikuja?"

"Akikuja, tutajua kama anasema vérité, ukweli yote." Alitazama saa iliyo ukutani kwangu, ambayo siku zote alinigombeza kwamba iko nyuma. Safari hii hakuisema. "Achelewe tu, Maître. Mungu amucheleweshe. Kila siku yenye hafiki, mwanangu anakunywa chai."

Nilianza kufumua kiuno cha suruali ya kwanza, nikachukua mkasi nikate kitambaa kilichozidi, kama inavyotakiwa. Akanishika mkono.

"Usikate," akasema. "Kunja paka ndani ya mushono. Akirudi ku nyumba, mama yake atamupikia bukari. Atanenepa."